Mikono ya Mwisho

Baba wa nyumba akifariki alfajiri, huku pwani, kabla chai ya msibani haijachemka kuna wanaume wameshashika majembe. Huchimba hadi kifuani, kisha huchonga mwanandani upande wa kibla. Wakikuta mwamba wa matumbawe, hushika mtaimbo. Nyumbani, waoshaji humgeuza taratibu, uchi wake umesitiriwa: maji ya majani ya mkunazi, ya mwisho yenye kafuri, kisha vipande 3 vya sanda. Makaburini, wengine hushuka kumpokea, wakamlaza kwa ubavu wa kulia, wakapanga viunza, wakafukia.

Hawadai ujira. Walichokiona hawakisimulii. Jioni daftari la rambirambi husomwa. Majina yao hayamo. Aliyewabeba wanawe mabegani, watu hao ndio waliomshusha.