Mto Usiolala

Nilizaliwa Pangani katika nyumba ya wavuvi, kwa hiyo nilipohamia Kisiwa cha Vancouver, Kanada, sikudhani ningehitaji kitabu cha kunifunza kuvua. Kumbe mshipi wa kwetu huvutwa chini na chubwi. Huku, kwa wavuao stilihedi kwa nzi wa manyoya, ndoana haina uzito wa kutajika. Uzito umo katika mshipi wenyewe, na ufito ndio unaourusha. Mwezi wa kwanza nilinasa kofia yangu tu.

Ndipo mfanyakazi mwenzangu akaniazima A River Never Sleeps cha Roderick Haig-Brown, kilichotoka mwaka 1946. Mwandishi huyu, mzaliwa wa Uingereza, alihamia pwani hii akiwa kijana, akawa hakimu katika mji wa Campbell River. Kitabu amekipanga kwa miezi, na Januari ni ya stilihedi: trauti wa jamii ile ile iliyopelekwa mito ya Mlima Kenya enzi za ukoloni, ila huyu huenda kunenepea baharini, kisha hurudi mtoni kuzaa.

Sifa kubwa ya kitabu ni macho. Haig-Brown anayasoma maji kama baba yangu alivyoyasoma mawingu ya kusi. Baada yake niliacha kushindana kurusha mbali. Nilitazama mahali mkondo wa kasi unapopakana na maji ya pole, nikarusha kukingama, nikauacha mto umzungushe nzi, nikasogea hatua moja, nikarudia.

Hata hivyo namlaumu. Siku tupu zimo kitabuni, lakini ni siku tupu za mtu ambaye jana alipata. Mimi nilitoka mara 19 bila kuguswa, na hakuna ukurasa ulionifuata huko.

Mara ya 20 nilimpata, jike lenye rangi ya fedha. Pezi lake dogo karibu na mkia lilikuwa zima, maana yake ni wa mwitu. Wale wa kufugwa hukatwa pezi hilo wakiwa wachanga. Haig-Brown aliweza kumpeleka samaki wa namna hii jikoni. Siku hizi sheria yataka aachiwe, nami nilimshika ndani ya maji mpaka akajiendea.

Jioni nikapiga simu nyumbani.

"Shikamoo baba. Nimepata."

"Marahaba mwanangu. Mmempikaje?"

"Nimemrudisha mtoni."

Akanyamaza. "Alikuwa na kasoro gani?"

Nilikifungua tena kitabu nimtafutie jibu. Mapenzi ya mto yamejaa humo, tena ya kweli. Nakipendekeza kwa yeyote. Lakini Haig-Brown anaandika kama mtu ambaye nyumbani kwake chakula cha usiku hakikungoja mshipi wake. Baba bado huniuliza habari za yule samaki kila nikipiga simu, nami humwambia huku kuna baridi.