Jinsi Robert Carter alivyojimilikisha Virginia

Robert Carter, mlowezi wa koloni la Virginia huko Amerika, alipofariki Agosti 1732, taarifa ya kifo chake iliyochapishwa London ilimhesabia ekari zipatazo 300,000, watumwa karibu 1,000 na pauni 10,000 taslimu. Walowezi wenzake walikuwa wakimwita "Mfalme". Zao lake lilikuwa tumbaku, lakini tumbaku huchosha udongo upesi, na bei yake haikutabirika. Kwa hiyo chanzo cha utajiri wake tukitafute ofisini, si shambani.

Ardhi yote iliyo kati ya mito Rappahannock na Potomac, zaidi ya ekari milioni 5, ilikuwa mali ya familia ya Fairfax ya Uingereza. Kuanzia 1702, na tena kuanzia 1722, wakala wao alikuwa Carter. Ndiye aliyetoa hati za ardhi na kukusanya kodi. Wenye mali wakapelekewa kiasi kilichokubaliwa, kilichozidi kikawa chake. Hati nyingi zilitoka kwa majina ya wanawe, wakwe zake na wajukuu, wengine wangali watoto wadogo.

Nani angemkagua? Kwa nyakati mbalimbali alikuwa Spika wa Bunge la koloni, mweka hazina na mjumbe wa Baraza la Gavana. Mwaka 1726 gavana alipofariki, Carter akakaimu nafasi hiyo hadi 1727.

Kupata ni jambo moja, kutunza ni jingine. Sheria ya Virginia ya 1705 iliwahesabu watumwa kuwa mali isiyohamishika, sawa na ardhi. Shamba na watu wake vikaweza kufungwa pamoja katika wosia, mithili ya wakfu wa ukoo: mrithi anakula mapato, kuuza haruhusiwi. Mjukuu mbadhirifu hakuweza kuufilisi ukoo.

Mahakama nayo ilikuwa upande wa mwenye mali. Mwaka 1708, mahakama ya wilaya ya Lancaster ilimruhusu Carter kuwakata vidole vya miguu watumwa wawili, Bambara Harry na Dinah, kwa kuwa hawakutii.

Virginia ilifuta urithi wa kufungwa mwaka 1776, lakini ukoo ulikwishaota mizizi. Marais wawili wa Marekani, William Henry Harrison na Benjamin Harrison, ni wa uzao wake, na Jenerali Robert E. Lee pia. Mjukuu mmoja, Robert Carter III, alikwenda kinyume: mwaka 1791 alitia sahihi hati ya kuwaacha huru watumwa wapatao 500.

Ukitaka kujua ukoo wa kilowezi ulivyotajirika, anzia masijala ya ardhi. Soma jina la aliyepewa, kisha jina la aliyetia sahihi.