Mwuzaji Katika Kipindi cha Watoto

Gazeti hili limezoea kupima vitabu, kwa kuwa kitabu ni mwalimu aingiaye nyumbani bila kupiga hodi. Siku hizi yuko mwalimu mwingine aingiaye vivyo hivyo, ndiye televisheni. Hapa Matai, na katika vijiji vilivyo kando ya barabara ya Kasanga, nyumba yenye sola na king'amuzi haikosi watoto wa majirani, wameketi sakafuni kwa utulivu kuliko wanavyoketi kanisani. Basi yatupasa kumpima mwalimu huyu naye, na zaidi ya hayo kumpima mgeni afuatanaye naye, yaani tangazo la biashara.

Tuanze na lililo jema. Mwaka 2014 watu wa Dar es Salaam walioitwa Ubongo walianza kuonyesha kipindi cha Ubongo Kids, cha hesabu na sayansi, kwa watoto walio shuleni. Baadaye wakaongeza kingine, Akili and Me, kwa wadogo wasiojua kusoma bado. Akili ni msichana wa miaka 4 akaaye na wazazi wake chini ya mlima Kilimanjaro, na usiku alalapo huingia katika nchi ya ndoto, akajifunza herufi na hesabu pamoja na wanyama rafiki zake. Twakisifu kipindi hiki. Mtoto aonekanaye humo ni wa kwetu, Kiswahili chake ni chepesi na safi, na nyimbo ni fupi, zikirudiwa hata mtoto mzito wa ulimi akazishika. Tungependa picha zipunguze mbio kidogo. Tena Kilimanjaro kimekwisha kusifiwa vya kutosha. Mtoto wa Ufipa angefurahi siku moja kuyaona matuta ya ntumba na shamba la ulezi katika ndoto za Akili. Lakini hayo ni madogo.

Ufundi wa vipindi hivi ulitoka wapi? Hapa msomaji huenda akashangaa: sehemu yake kubwa ilitoka katika matangazo yenyewe. Bibi Joan Ganz Cooney wa Marekani na wenzake, kabla ya kuanzisha Sesame Street mwaka 1969, waliona kwamba watoto wadogo wasiojua herufi hata moja waliweza kuimba kwa moyo nyimbo za kuuzia pombe. Wakasema, ikiwa ufundi huu waweza kumtia mtoto jina la pombe kichwani, waweza pia kumtia A na B na C. Wakazitangaza herufi kama bidhaa, wakafanikiwa sana. Mwaka 2008 Tanzania nayo ilipata ndugu wa kipindi hicho, Kilimani Sesame, kilichofundisha watoto pamoja na mengine habari za malaria.

Basi ufundi ni mmoja: wimbo mfupi, rangi kali, mnyama achekaye, na kurudia tena na tena. Mwalimu aliuazima kwa mwuzaji, wala hatumlaumu. Ubaya huanza kipindi kikatwapo katikati, na mwuzaji akauchukua ufundi wake tena mbele ya watoto wale wale. Simba aliyekuwa akifundisha hesabu ameondoka, na simba mwingine mwenye sauti kama yake anaimba sifa za peremende. Ni alama gani itakayomwambia mtoto wa miaka 4 kwamba mwalimu ametoka na mfanya biashara ameingia? Mtu mzima hucheka, akaenda kuchochea moto. Mtoto haondoki, maana kwake kipindi kinaendelea. Mwaka 2004 chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilikusanya uchunguzi mwingi uliofanywa juu ya jambo hili, kikaona kwamba watoto walio chini ya miaka 7 au 8 hawafahamu kuwa tangazo lina nia ya kuwavuta ili mwingine apate faida. Na walio wadogo zaidi hawalitofautishi hata na kipindi. Mtoto huliamini tangazo kwa imani ile ile aliyoamini kwamba mbili na mbili ni nne.

Wengine watatujibu kwamba hata sokoni Matai wauzaji hupaza sauti, na watoto husikia. Ni kweli. Lakini sokoni mama yupo. Atakishika kitu, atakinusa, ataitaja bei nusu, atakwenda zake. Muuza vitumbua ni jirani. Akimuuzia mtoto kilichochacha, kesho ataulizwa. Tangazo halina sikio. Husema, halijibiwi, na mtoto aliyelisikia humjia mama yake akiwa tayari amekwisha kushawishiwa.

Na kinachouzwa ni nini? Mara nyingi ni soda, biskuti, peremende, na unga wa rangi utiwao maji ukaitwa juisi. Sisi tuna ulezi. Uji wake umewalea Wafipa tangu zamani, na wanaojua habari za vyakula husema ni nafaka yenye chokaa ya mifupa kuliko mahindi na mchele. Tuna maharage, na dagaa wa Ziwa Tanganyika hawako mbali. Havina wimbo vitu hivi. Hakuna aliyelipa fedha ili mnyama acheke kwa ajili ya uji wa ulezi. Mtoto akiona kila siku kwamba furaha hukaa ndani ya pakiti yenye kung'aa, ataanza kuuona uji wa nyumbani kuwa chakula cha maskini, na mama aliyeupika kuwa mtu asiyempenda. Meno yaliyooza yaweza kung'olewa, lakini dharau hiyo ni kazi ngumu kuiondoa.

Yako maneno ya wazee, mtoto akililia wembe, mpe. Walitaka ajifunze kwa kukatwa kidogo. Hawakumweka mtu wa kumwimbia mtoto uzuri wa wembe kutwa nzima.

Neno zito la wapinzani ni la fedha. Vituo vya watu binafsi vilivyoanza Tanzania bara mwaka 1994 huishi kwa matangazo. Mkiyaondoa, husema, hakuna atakayelipia vipindi vya watoto, nao watabaki na michezo ya kuigiza ya wakubwa. Hoja hii hatuidharau, maana kipindi kizuri ni ghali. Walakini mwaka ule ule wa 1994 serikali yetu ilitoa kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa ya kopo ya watoto wachanga, ikifuata kanuni za mataifa za 1981, na mwaka 2013 ikazitengeneza upya. Hapo twaliona kuwa ni haki kumkinga mama, mtu mwenye akili timamu, asivutwe na picha za watoto wanono hata akaacha kunyonyesha. Vituo havikufa. Ikiwa mama alistahili kukingwa, tutasemaje kwamba mtoto mwenyewe ajitetee?

Wengine wametutangulia. Jimbo la Quebec katika Canada lilikataza tangu 1980 matangazo ya biashara yaelekezwayo kwa watoto walio chini ya miaka 13. Kampuni moja ya vitu vya kuchezea ilishtaki, na mwaka 1989 Mahakama Kuu ya nchi ile ikasema sheria ni halali. Sweden nayo ilikataza mwaka 1991 kwa walio chini ya miaka 12. Uchunguzi uliochapwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba ulaji wa vyakula vya haraka katika nyumba za Quebec zisemazo Kifaransa ulipungua kwa asilimia 13 hivi. Wasemao Kiingereza walikuwa wakitazama vituo vya nje, kwa hiyo sheria iliwafikia kidogo. Sweden pia iliupata ugumu huo: mwaka 1997 mahakama ya Ulaya ilisema haiwezi kuitumia sheria yake hiyo juu ya kituo kirushacho kutoka nchi nyingine ya umoja wao.

Jambo hili latuhusu sana sisi tulio karibu na mpaka wa Zambia, ambao madishi yetu hupokea picha za nchi nyingi. Sheria ya Dodoma haitafunga kila mlango. Wala haitawazuia watoto kutazama mpira pamoja na baba zao, ambapo matangazo ya kamari hupita bila haya. Hata hivyo mlango ulio wetu tuufunge. Tungeiomba Mamlaka ya Mawasiliano iviamuru vituo vya nchini kukiacha kipindi cha watoto kizima, kisikatwe katikati. Mwenye bidhaa anenee na wazazi saa ya taarifa ya habari, nao watamjibu kwa mifuko yao. Na sisi walimu, katika darasa la tatu na la nne, tuwape watoto tangazo moja walichambue kama tuwapavyo hadithi: ni nani asemaye, anauza nini, na ni lipi alilolinyamazia.