Safu ya Tatu

Mkongomani ana majina matatu: jina, postnom na prénom. Postnom ilizaliwa mwaka 1972, Rais Mobutu alipowaamuru raia waache majina ya ubatizo ya Kizungu na kushika ya mababu. Mwaka 1990 prénom, yaani majina hayo ya ubatizo, ziliruhusiwa tena, ila postnom ilikuwa imeshazoeleka, ikabaki. Ndiyo maana fomu zetu zina nafasi tatu. Programu zinazotoka Ulaya huja na mbili.

Zahanati moja ya komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, ilinunua programu ya namna hiyo ya kuandikisha wagonjwa. Mpokeaji wa asubuhi aliibandika postnom nyuma ya jina. Wa mchana aliiweka mbele ya prénom. Wa usiku, mwenye haraka zake, aliiacha kabisa. Miaka ikapita, na mama mmoja mwenye shinikizo la damu akawa na mafaili matatu, kila moja na kipande cha habari zake. Ndipo akaitwa fundi. Nilikuwa nikipita pale kwa shughuli nyingine, nikavutiwa, nikaanza kukaa karibu na meza yake jioni. Sitamtaja jina. Watu wa kazi hii wakitajwa, mara nyingi ni kwa sababu kitu kimeharibika.

Kazi yenyewe ukiisimulia ni ya sentensi moja: ongeza safu ya tatu kwenye jedwali la wagonjwa. Amri yake haijazi mstari mmoja wa skrini. Mimi ningeiandika, nikabonyeza, nikaenda nyumbani kula bukari. Yeye ilimchukua wiki sita.

Siku ya kwanza hakubadilisha kitu. “Sauvegarde kwanza, nyuma kazi,” aliniambia, kwa Kiswahili chetu cha hapa. Alichukua nakala ya hifadhidata nzima, akaipeleka kwenye kompyuta nyingine kuukuu, akaifufua huko mpaka ikajibu maswali, kisha akahesabu mistari ya kila jedwali upande huu na upande ule. Hesabu zilipolingana ndipo akaiita nakala. Kabla ya hapo aliiita “faili tu”.

Nilidhani ni woga, mpaka aliponisimulia habari za GitLab, kampuni inayowatunzia waandishi wa programu kazi zao. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni hiyo, akihangaika na hitilafu, alifuta folda ya hifadhidata kwenye mashine siyo. Katika gigabaiti kama 300 zikabaki 4.5. Kampuni ilikuwa na njia tano za kujikinga, na hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Kilichowaokoa ni taswira ya diski ambayo mtu aliichukua saa sita kabla, kwa shughuli yake nyingine. Kazi ya zile saa sita ilipotea.

Siku iliyofuata akaongeza safu. Hifadhidata ya zahanati ni PostgreSQL, na huko kuongeza safu tupu ni jambo la kufumba na kufumbua: mistari iliyopo haiguswi, yanayobadilika ni maelezo ya jedwali tu. Lakini amri hiyo hudai kufuli zito kuliko yote, lisilomruhusu hata msomaji. Kama kuna ripoti ndefu inasomwa, amri yako itaisubiri; na kila atakayefika nyuma yako, hata anayetaka kutazama jina moja tu, atakusubiri wewe. Waliowahi kufika Kasumbalesa, mpakani na Zambia, wanaijua hali hiyo. Lori moja lina kasoro ya karatasi, na nyuma yake wanapanga foleni madereva ambao karatasi zao hazina tatizo lolote. Dawa ni kuiwekea amri ukomo wa subira: sekunde tatu zikipita bila kupata kufuli, iondoke kwenye foleni, ijaribu baadaye. Alijaribu mara nne ikarudi. Ya tano ilipita, saa tano usiku, na mpokeaji wa zamu hakuinua hata macho.

Sasa zahanati ilikuwa na majedwali mawili ndani ya moja, la zamani na jipya, nayo yakaishi pamoja. Programu ilirekebishwa iandike postnom mahali papya na wakati huohuo iendelee kuandika kwa mtindo wa kale. Hapo ndipo nilipoanza kuuona ufundi wenyewe. Mjenzi wa nyumba mpya humaliza akakabidhi ufunguo. Huyu alikuwa anabomoa ukuta wa nyumba yenye wapangaji, mmoja yuko jikoni, mwingine analala, na siku yoyote kazi ikienda mrama ukuta wa zamani bado umesimama.

Kujaza safu ilikuwa kazi ya mafungu, mistari mia tano kwa mpigo, kisha pumziko, ili wapokeaji wasihisi uzito. Na kompyuta haiwezi kukisia yote. Ilunga ni jina la mtu huyu na postnom ya yule; hakuna kanuni itakayokuambia ni lipi. Mistari yenye shaka hakuigusa. Aliitolea orodha, akampa mpokeaji, na mgonjwa alipokuja aliulizwa mwenyewe. “Papa, tuandike aje?” Watu walipenda kuulizwa. Mzee mmoja alieleza ukoo wake mpaka foleni ikaanza kunung'unika.

Katika kupitia jedwali lilelile akakuta safu ya jimbo la kuzaliwa imejaa neno Katanga. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa majimbo manne: Haut-Katanga letu, Lualaba yenye makao Kolwezi, Haut-Lomami ya Kamina na Tanganyika ya Kalemie. Mtu wa ofisini akashauri neno hilo libadilishwe lote kuwa Haut-Katanga, dakika moja, kazi imekwisha. Fundi akakataa. Aliyezaliwa Kolwezi angehamishwa jimbo bila kupanda gari. Tena kati ya 1971 na 1997 jimbo lenyewe liliitwa Shaba, na miaka ya 1960 lilishawahi kugawanywa na kuunganishwa upya. Alichofanya ni kutengeneza jedwali dogo la majimbo lenye tarehe mbili, tangu na hadi, kisha kumfunga mgonjwa kwenye mji wake badala ya jimbo. Mji haukuhama. Siku serikali itakapochora ramani nyingine, mistari ya wagonjwa haitaguswa. Itaongezwa michache kwenye jedwali dogo, basi. Nikiulizwa ni kipi katika kazi nzima nilichokipenda zaidi, ni hiki.

Wiki ya nne umeme ukakatika katikati ya fungu, na betri ya akiba ikazimika nao.

Hifadhidata nzuri imejengwa kwa kutegemea kwamba umeme utakatika. Kabla ya kugusa jedwali, huandika kwenye jarida lake, kama lile la mhasibu, jambo inalokusudia kufanya. Mashine ikiwaka tena, husoma jarida: lililothibitishwa hulitimiza, lililoachwa nusu hulihesabu kama halikutokea. Taratibu hizi zilipangwa vizuri na C. Mohan na wenzake wa IBM, katika makala yao ya mwaka 1992, na mifumo mingi ya leo imejengwa juu ya fikra hizo. Lakini yote yanategemea diski kusema kweli. Zipo diski za bei nafuu zinazojibu “nimeandika” wakati data ingali kwenye kumbukumbu inayopotea na umeme. Ya zahanati ilikuwa ya aina hiyo. Fungu la mia tano lilifutika salama, kama ilivyotakiwa. Ukurasa mmoja wa jedwali, wa kilobaiti nane, ukarudi umechanika, nusu mpya nusu ya zamani. Namba ya uhakiki iliyoandikwa juu yake haikulingana na yaliyomo, na mfumo ukakataa kuusoma.

Nilimtazama mikono. Aliitoa kwenye kibodi, akaiweka magotini. Kisha akazima huduma ya hifadhidata, akanakili folda nzima kama ilivyo, na uharibifu wake, kwenye diski ya nje. Wengi hapa hukimbilia amri za nguvu zinazopatikana kwenye intaneti. Ipo inayofuta jarida lote, ipo inayougeuza ukurasa mbovu kuwa sifuri, na kila moja huondoa kosa kwenye skrini kwa kuondoa pia ushahidi wa kile kilichokuwapo. Kwenye MySQL, hifadhidata ya aina nyingine, kuna ngazi sita za kulazimisha mfumo uamke, na mwongozo wake wenyewe unaonya kwamba kuanzia ya nne unaweza kuharibu data moja kwa moja.

Akafanya kazi kwenye nakala. Alijaribu kwanza kusoma nusu ya jedwali, ikasomeka; nusu ya pili ikagoma. Akaigawa hiyo nusu mara mbili, na tena, na tena, mpaka akafika kwenye mistari isiyofika mia iliyokaa ndani ya ule ukurasa. Kila kilichouzunguka akakitoa kizima. Faharasa, zile njia za mkato za kutafutia, hakuzisumbukia: hizo hujengwa upya kutoka kwenye jedwali, na kuzikeshea ni kupoteza usiku. Mistari iliyopotea aliichukua kwenye nakala ya alfajiri, na wagonjwa watatu walioandikishwa tangu hapo wakatafutwa kwenye daftari la karatasi la kaunta, ambalo wiki mbili nyuma msimamizi alitaka kulitupa. Mpokeaji alisoma kwa sauti, yeye akaandika. Kisha akahesabu tena, jedwali kwa jedwali.

Safu ya kale ya jimbo iliondolewa Jumapili moja, baada ya siku kadhaa za kuthibitisha kwamba hakuna programu wala ripoti inayoisoma. Hata hapo PostgreSQL haikuichoma. Iliificha tu, na nafasi yake itarudi kidogo kidogo kadiri mistari itakavyoandikwa upya. Mama wa shinikizo la damu sasa ana faili moja.

Wewe mwenye shule, duka la dawa au chama cha akiba, usimuulize fundi wako kama huchukua nakala. Atakujibu ndiyo. Muulize mara ya mwisho alizirejesha lini, kwenye mashine gani, na hesabu za mistari zilikuwa ngapi.