Huru, Huria, Bure na Wazi: Uhakiki wa Istilahi za Programu za Kompyuta

Imetimia miaka ishirini na zaidi tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Uswidi, kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, yaani programu ya kuandikia na kufanyia hesabu za ofisi ambayo maneno yake yaonekanayo kwenye kioo yalikuwa ya Kiswahili. Mradi uliozaa kazi hiyo uliitwa Kilinux. Baadaye kampuni ya Microsoft nayo ilitoa Windows na Office zenye sura ya Kiswahili. Istilahi nyingi zilitakiwa kwa mpigo mmoja, na zikapatikana. Tangu siku hizo orodha zimeongezeka, lakini uhakiki wake umekuwa haba. Aghalabu istilahi ikishachapwa huachwa itumike au ife, na hapana aulizaye kwa nini.

Katika makala hii tunakusudia kuzitazama chache tu: zile zihusuzo mifumo inayoziendesha kompyuta, lugha zinazotumika kutunga programu, na programu ambazo kila mtu ameruhusiwa kuzisoma na kuzibadili. Tumezichagua hizi kwa sababu makosa yake hayaishii katika kamusi. Huingia katika hati za zabuni, katika nyaraka za maofisi, na katika darasa la shule ya msingi ambamo mtoto husoma kwa Kiswahili kwa mara ya mwisho kabla ya kuhamia Kiingereza katika sekondari. Akilipata neno likiwa limepinda, hapatakuwa na mwalimu wa kumnyooshea mbele ya safari.

Maneno mengi hatuna ugomvi nayo. Kompyuta imekwisha kushinda Tanzania, ingawa ndugu zetu wa Kenya wana tarakilishi katika vitabu vyao vya shule, na hilo si la kugombania. Faili, tovuti, barua pepe na kifupi cha TEHAMA yamekaa vizuri vinywani mwa watu. Hata kipanya kimekubalika, japo kuna wakati msafiri wa Dar es Salaam alipolisikia neno hilo alitafuta nauli mfukoni, kwa maana ndilo lililokuwa jina la basi dogo la abiria.

Tuanze na ile programu inayozitangulia programu za mtumiaji kuamka mashine iwashwapo, inayozigawia programu nyingine nafasi ya kumbukumbu na zamu ya kufanya kazi. Windows ni ya namna hiyo. Hali kadhalika Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi mjini Helsinki. Na Android ya simu za mkononi, ambayo kiini chake ni Linux hiyo hiyo. Kwa Kiswahili twakuta majina mawili: mfumo wa uendeshaji na mfumo endeshi. Wengi huyatumia kama kwamba ni mamoja. Sisi twaona la kwanza halifai, na sababu yetu ni ya kiofisi kuliko ya kisarufi. Neno uendeshaji limekwisha kuchukuliwa na watu wa utawala. Kila zahanati nchini hujaza vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mtumishi aliyezoea MTUHA, akiandikiwa waraka kwamba mfumo wa uendeshaji wa kituo chake umepitwa na wakati, atadhani analaumiwa mganga mfawidhi, wala hatafikiri habari za Windows.

Mfumo endeshi hauna mkanganyo huo. Wako wanaolilaumu neno endeshi kwamba ni la kubuniwa mezani. Lakini tazama: kutokana na elekeza tumepata bei elekezi, kutokana na shirikisha tumepata ulinzi shirikishi. Njia ni ile ile, na aliyezikubali hizo mbili hana hoja ya kuikataa ya tatu.

Jina la pili linalotutia mashaka ni lugha ya programu. Hapa kosa ni kubwa zaidi, kwa kuwa jina hili lina maana mbili zinazopingana. Jambo OpenOffice ilisema na mtumiaji wake kwa Kiswahili. Lakini yenyewe, kwa sehemu kubwa, ilikuwa imetungwa kwa lugha iitwayo C++. Sasa mtu akiuliza, lugha ya programu hii ni ipi, ajibiwe nini? Akijibiwa Kiswahili amejibiwa kweli. Akijibiwa C++ amejibiwa kweli vile vile. Istilahi inayoruhusu majibu mawili ya kweli kwa swali moja haijafanya kazi yake. Kiswahili kina dawa ya jambo hili katika kauli ya kutendea, tunayoitumia kila siku tuonyeshapo chombo cha kazi: kisu cha kukatia, kalamu ya kuandikia, jembe la kulimia. Basi na iwe lugha ya kutungia programu, au kwa kifupi lugha ya kutungia. Tunafahamu kwamba maneno manne ni marefu kuliko matatu. Urefu huo unalipa.

Na kwa kuwa tumezitaja lugha hizo, si haki kupita bila kuitaja Nuru, lugha ya kutungia programu iliyojitokeza mwanzoni mwa miaka ya 2020, ambayo amri zake ni maneno ya Kiswahili. Humo mna kama na sivyo, wakati, rudisha, andika, kweli na sikweli. Wako waliolikosoa neno fanya, linalotumika kukipa kitu thamani, wakisema kwamba kufanya ni kutenda, si kutaja. Sisi hatuoni kasoro. Mtu aisomapo alama ya usawa kwa neno iwe, hupata sentensi kamili: fanya hiki iwe mbili. Tunacholalamikia ni ktk. Hicho ni kifupisho cha mwandishi mwenye haraka, kilichozaliwa katika madaftari na barua, na hakistahili kuwa amri. Mashine ingeweza kuzisubiri herufi tatu zaidi.

Tufike sasa kwenye shina la maneno yetu. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza nia ya kutunga mfumo mzima, aliouita GNU, ambao kila atakayeupata angekuwa na haki ya kuutumia kwa kazi yoyote, kuusoma ulivyotungwa, kuubadili, na kuwagawia wengine, ulivyo au baada ya kuubadili. Programu za namna hiyo aliziita kwa neno la Kiingereza ambalo kwa bahati mbaya lina maana mbili: isiyo na kifungo, na isiyo na malipo. Imempasa kueleza maisha yake yote kwamba asemacho ni haki wala si bei, na kwamba mtu anaweza kuiuza programu ya namna hiyo bila kuvunja kanuni yoyote. Mwaka 1998 wenziwe wengine huko Marekani, kwa kuchoshwa na utata huo miongoni mwa sababu nyingine, wakabuni jina jipya linalotaja uwazi wa chanzo.

Wafasiri wetu wamelichukua jina hilo jipya na kulileta kwetu neno kwa neno: programu za chanzo wazi. Hawakujiuliza kwamba Kiswahili tangu zamani kina maneno mawili pale Kiingereza kilipo na moja. Huru ni huru na bure ni bure, na hapana mtoto anayeyachanganya. Tumeletewa dawa ya ugonjwa tusiokuwa nao.

Na dawa yenyewe ina madhara. Tuliwauliza walimu na watumishi wachache wa Sindeni, kata ya Wilaya ya Handeni iliyo upande wa barabara iendayo Korogwe, wanaelewa nini wasikiapo programu ya chanzo wazi. Tulikwenda huko kwa makusudi, tukitaka masikio ya watu waongeao Kizigua nyumbani na Kiswahili kazini, ambao hawajazoeshwa maneno haya na semina za Dar es Salaam. Aliyetangulia kujibu alikuwa mtumishi wa afya, naye hakusita: chanzo wazi ni chanzo kisichofunikwa, na maji yake sharti yachemshwe. Wenzake hawakucheka; waliafiki. Handeni ni nchi ya shida ya maji, na mradi wake mkubwa huyavuta kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe. Huko chanzo ni neno la kila siku, na uwazi wa chanzo ni hatari. Kwa hiyo istilahi iliyokusudiwa kuisifu programu humtahadharisha mtu nayo.

Walio wengi, wakiikwepa chanzo wazi, hukimbilia programu huria. Neno hili limetoka kwenye Kiarabu, ambako maana yake ni uhuru wenyewe, na kwa asili halina ubaya. Lakini neno huchukua harufu ya mahali lilikolala. Mtumishi wa serikali amelijua huria kwa njia mbili: katika soko huria na biashara huria, ambako maana yake ni kuondolewa kwa vizuizi vya serikali, na katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, ambako maana yake ni masomo yasiyomfunga mtu na mahali. Kote kuwili wazo ni moja: mlango usio na bawabu. Programu tunazozisema haziko hivyo. Nyingi miongoni mwao, na Linux ikiwa mbele, zina sharti zito kwamba mwenye kuisambaza programu aliyoibadili lazima awape wenziwe na maandishi yake waweze kuibadili tena. Hilo ni bawabu, tena mkali.

Madhara yake tumeyaona. Katika shule moja ambayo hatutaitaja, mwalimu aliyewanakilia wanafunzi wake Linux alionywa kwamba anaiba mali ya watu. Mwenzake aliyenakili programu ya biashara isiyolipiwa hakuambiwa neno, kwa kuwa, kama alivyojieleza, ile ipo huria mitaani. Wote wawili walihukumiwa kwa neno moja, na wote wawili kinyume.

Bure nalo tusiliite msaidizi. Katika Kiswahili kazi ya bure ni kazi isiyo na faida, na maneno ya bure ni upuuzi. Hati ya zabuni ikitaja programu ya bure imekwisha kuidharau kabla ya kuipima. Ilhali zahanati zile zile za MTUHA, taarifa zake zikifika wilayani, huingizwa katika DHIS2, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo kila nchi inaruhusiwa kuifungua na kuirekebisha kwa mahitaji yake. Wataalamu wetu wa Dar es Salaam wamefanya hivyo. Hilo ndilo lililofaa kuandikwa katika hati, wala si bei.

Pendekezo letu ni hili. Mahali panapozungumzwa haki ya mtumiaji, isemwe programu huru. Mahali panapozungumzwa maandishi ya mtunzi, tuache habari za vyanzo vya maji na tuchukue neno ambalo wasomaji wa jarida hili wanalo mikononi: matini chanzi. Mfasiri huiita hivyo matini anayofasiri, na ile anayoifikia huiita matini lengwa. Kompyuta haifanyi kinyume cha hivyo. Mtunzi huandika kwa C++ au lugha nyingine isomekayo na binadamu. Programu maalumu huifasiri kazi yake katika lugha ya mashine. Na mnunuzi kwa kawaida huuziwa tafsiri tu, asili ikafungiwa kabatini. Anayetaka kusahihisha kosa hawezi, kama ambavyo ninyi msingeweza kuhakiki tafsiri mliyonyimwa asili yake. Programu ya matini wazi ni ile inayotolewa pamoja na matini yake chanzi. Tulipoeleza hivyo huko Sindeni, mwalimu mmoja alisema: basi ni kama pingili za muhogo, unachukua kwa jirani, unapanda, na mwingine akija unamkatia, si kama mahindi ya chotara yanayokurudisha dukani kila msimu. Hatukuwa na la kuongeza.

Tunajua pingamizi litakalokuja. Tukisema tume huru au mahakama huru tunamaanisha isiyoingiliwa, na mtu anaweza kudhani programu huru ni ile inayojitegemea, isiyohitaji nyingine. Pingamizi hilo lina uzito. Hata hivyo twaona kosa hilo ni dogo kuliko la kudhani kwamba mwizi na mwenye haki ni sawa.

Limebaki neno moja, leseni. Mtanzania anaijua leseni ya udereva na leseni ya biashara: hati itolewayo na ofisi, kwa ada, kwa muda. Akiambiwa programu huru ina leseni, huuliza mara moja inalipiwa wapi na inakwisha lini, na maswali hayo mawili tumeulizwa zaidi ya mara moja. Ile karatasi hailipiwi kwa ofisi yoyote wala haihuishwi kila mwaka. Ni tamko la mtunzi kwamba ameridhia, na kwa masharti gani. Kiswahili kina idhini. Tungependa Baraza, litakapoipitia tena orodha hii, lilijaribu neno hilo: programu huru, na idhini ya mtunzi wake.