Jinsi Reliance Ilivyogeuza Deni Kuwa Hisa

Dhirubhai Ambani alikuwa mtoto wa mwalimu wa shule huko Chorwad, Gujarat. Hajatimiza miaka 20 akavuka bahari hadi Aden, akafanya kazi kwa A. Besse & Co., kisha mwaka 1958 akarudi Bombay na kuanza biashara kwa mtaji wa rupia 15,000. Masimulizi haya ni ya kweli, ila hayaelezi mengi, maana vijana wa Kigujarati wenye bidii walijaa kila bandari kuanzia Aden hadi Mombasa. La kuuliza ni hili: muuza nyuzi alipata wapi fedha za kujenga kiwanda kikubwa kuliko vyote duniani cha kusafisha mafuta, na riba isimmeze?

Mwelekeo wa kampuni yake, Reliance, unafahamika. Mwaka 1966 ilifungua kiwanda cha nguo Naroda, nje kidogo ya Ahmedabad, na vitambaa vyake vikauzwa kwa jina la Vimal. Nguo za poliesta zinahitaji nyuzi. Mwaka 1982 kiwanda cha nyuzi kikaanza kazi Patalganga kwa teknolojia ya Du Pont, kikiwa na uwezo wa tani 10,000 kwa mwaka, kiasi kilicholizidi soko la nyumbani la wakati ule. Nyuzi zinatokana na kemikali, kemikali zinatokana na nafta, nafta inatokana na mafuta ghafi. Ndivyo kilivyofuata kiwanda cha kemikali cha Hazira, na mwaka 1999 Jamnagar, kiwanda cha kusafisha tani milioni 27 za mafuta ghafi kwa mwaka. Mwaka 2008 kikakamilika cha pili ubavuni mwake, na viwili hivyo vikawa na uwezo wa mapipa zaidi ya milioni 1.2 kwa siku. Kila hatua ilipoanza, mteja wake wa kwanza alikuwa tayari yumo ndani ya nyumba.

Lakini mteja peke yake hajengi kiwanda. Benki kubwa za India zilikuwa mikononi mwa serikali na zilikopesha kwa masharti. Ambani akawaendea wenye akiba ndogo: makarani, walimu, wajane wenye vijisenti. Mwaka 1977 watu wapatao 58,000 walinunua hisa zake. Baada ya hapo akawauzia hatifungani, na hapo ndipo ufundi ulipo.

Tuchukue hesabu ya mfano. Kampuni inakopa rupia 100 kwa hatifungani yenye riba ya asilimia 13. Kila mwaka inadaiwa rupia 13, faida iwepo isiwepo. Hisa yake ina thamani ya kuandikwa ya rupia 10, lakini sokoni inauzwa zaidi ya 100. Kampuni inamwambia mkopeshaji: rudisha hatifungani yako, nikupe hisa moja. Anakubali, kwa kuwa akiiuza hisa leo anapata zaidi ya alichokopesha. Kwa upande wa kampuni, deni limefutika. Gawio nalo lilikuwa likitangazwa kwa asilimia ya thamani ya kuandikwa, kwa hiyo hata gawio nono la asilimia 25 ni rupia 2.50 tu. Zile rupia 13 za lazima zimekuwa 2.50 za hiari, na vitabu vya kampuni vimesafishika kiasi cha kuiwezesha kukopa upya. Reliance ilirudia zoezi hili mara kadhaa katika miaka ya 1980, ikabadili hata hatifungani zilizouzwa bila ahadi ya kubadilishwa.

Mpango mzima ulisimama juu ya sharti moja: bei ya hisa isishuke. Ikishuka, hakuna mkopeshaji atakayekubali kubadilisha. Ndiyo maana mwaka 1982 madalali walipouza hisa za Reliance wasizokuwa nazo, wakitarajia kuzinunua baadaye kwa bei ya chini, marafiki wa Ambani walizinunua zote na kudai zikabidhiwe. Madalali wakahaha, bei ikapaa, soko la Bombay likafungwa kwa siku kadhaa. Wengi huisimulia vita hiyo kama kisa cha ujanja. Mimi naiona kama ulinzi wa mtambo wa fedha.

Leseni nazo zilikuwa nusu ya biashara. Katika India ya wakati ule serikali iliamua nani aagize nini na azalishe tani ngapi, na Ambani alikuwa na marafiki Delhi. Mwaka 1986 gazeti la Indian Express liliichambua kampuni hiyo makala baada ya makala, likihoji jinsi ilivyopata mikopo na vibali. Anayeisifu Reliance kwa hesabu zake bila kuitaja milango aliyofunguliwa Ambani anasimulia nusu tu.

Afrika Mashariki tuliionja kidogo. Mwaka 2007 Reliance ilinunua sehemu kubwa ya GAPCO, yenye vituo vya mafuta na maghala Tanzania, Kenya na Uganda. Baada ya miaka kama kumi ikawauzia Total. Naona sababu iko wazi: kuuza lita moja moja kando ya barabara kulikuwa mbali mno na kule ambako faida ya Jamnagar hupatikana.

Dhirubhai alifariki Julai 2002 bila kuacha wosia. Wanawe wakagombana, na mwaka 2005 mama yao, Kokilaben, akasimamia mgawanyo: Mukesh akabaki na mafuta na kemikali, Anil akachukua simu, umeme na fedha. Biashara ya simu hula mtaji, na upande wa Anil haukuwa na Jamnagar ya kuulisha. Machi 2019 ni Mukesh aliyetoa fedha za kulipa deni ambalo kampuni ya simu ya Anil ilidaiwa na Ericsson, baada ya Mahakama ya Juu kumpa Anil wiki nne alipe au aende jela.

Mukesh mwenyewe alikuwa amerudi kwenye simu mwaka 2016 kupitia Jio, kwa mikopo iliyowatia hofu wachambuzi. Kati ya Aprili na Juni 2020 akauza vipande vya Jio kwa Facebook na wengine kwa takriban rupia trilioni 1.16, akawauzia pia wanahisa wake hisa mpya za rupia bilioni 531, nyingi zikiwa za kulipiwa mwaka uliofuata. Juni 19 akatangaza kwamba Reliance haina tena deni halisi, yaani mikopo ukiondoa fedha ilizo nazo. Fedha zote hizo zilikuwa bei ya umiliki. Hakuna hata rupia moja iliyotoka kwenye faida ya Jio.