Peugeot 504 na Land Rover 109 kwenye kona za Kitonga

Barabara ya TANZAM ikishaipita Ruaha Mbuyuni huukwea mlima Kitonga kuelekea Ilula, kwa kona kali zinazopakana na korongo. Ni kipimo kizuri kwa magari mawili yaliyozoeleka nchini Tanzania miaka ya 1970: Peugeot 504 na Land Rover 109 ya Series III.

Umbali kati ya ekseli zake za mbele na za nyuma unakaribiana, mita 2.7 na ushei. Kufanana kunaishia hapo. Injini ya 504 ya sentimita za ujazo 1,971 hutoa nguvu-farasi 93 na kusukuma gari la kilo kama 1,200. Ile ya Land Rover, 2,286, ni kubwa zaidi lakini hutoa karibu 70 tu, nayo husukuma gari zito zaidi. Kadiri mlima unavyopanda hewa hupungua, na injini ya kabureta hupoteza takribani sehemu ya kumi ya nguvu kila mita 1,000. Mwenye nguvu chache ndiye anayerudi gia mapema.

Kwenye kona, 504 ya saluni huzidi kung'ara. Kila gurudumu lina springi yake ya koili na hucheza peke yake, hivyo tairi moja likidumbukia shimoni jingine halitikisiki. Umbile hilo lilimsaidia Ove Andersson kushinda Safari Rally mwaka 1975. Land Rover ina ekseli nzima juu ya vyuma bapa vilivyopangwa tabaka. Ikiwa tupu hurukaruka, na dereva hulazimika kupunguza mwendo.

Kushuka ndiko kugumu. Breki za diski za 504 hupoa haraka, ilhali dramu za Land Rover hushika moto na kulegea. Dereva wake hutegemea gia ndogo na injini kulizuia gari.

Mizigo hugeuza hukumu. Nje ya lami, kwenye njia za mashamba ya nyanya ya Ilula, matenga yakijaa, 504 hulala nyuma na tumbo kukwaruza. Land Rover hapo hutulia, na gia zake za chini huzidisha nguvu ya magurudumu karibu mara mbili.

Watengenezaji waliuona upungufu wa kila moja. Peugeot iliipa pikapu ya 504 ekseli nzima na vyuma bapa nyuma. Land Rover nayo, ilipotoa One Ten mwaka 1983, ilihamia springi za koili na diski mbele.